Mtoto aseme kwanza, ndipo aandike

Siku moja mwaka 2019 nilitia simu mfukoni, nikaiacha irekodi, nikaingia Darasa la Tatu kufundisha Kiswahili kama kawaida. Jioni, huku nachambua mchele nyumbani, nikajisikiliza. Dakika 40 nzima sauti yangu haikupumzika, kama redio ya kwenye basi. Watoto nao walisikika, tena kwa kelele, ila walichokuwa wakisema ni hiki:

"Hiki ni kita…" "Buuu!"

"Tunaandikia kala…" "Muuu!"

"Tumeelewana?" "Ndiyooo mwalimu!"

Nikarudia kusikiliza, safari hii nikihesabu sentensi kamili zilizotoka mdomoni mwa mtoto. Zilikuwa nne, na mbili kati ya hizo ni "Madamu, naomba kwenda kujisaidia." Wiki hiyohiyo nilikuwa nimesahihisha insha, nikakaa ofisini nalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuandika. Nusu ya darasa waliandika: "Mimi naitwa fulani. Mimi nakaa kijijini. Mimi napenda mpira." Basi. Mdomoni nawadai silabi ya mwisho, halafu daftarini nawadai ukurasa mzima.

Mimi kwetu ni Korogwe. Nilipangiwa kazi wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, ambako mtoto anaanza shule na Kisukuma chake kizima na Kiswahili cha kununulia chumvi dukani. Ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye darasa la watoto 84, madawati ya kukaa watatu watatu, na ubao unaomeza chaki. Mwenye watoto 30 atafika mbali kuliko mimi.

Anza na ulimi wako mwenyewe

Kazi iliyonitoa jasho si ya watoto, ni ya kuacha kuning'iniza maneno. Nilimpa mtoto wa dawati la mbele kopo na punje za mahindi, nikamwambia: kila mwalimu akiacha neno nusu ili mmalizie, dondosha punje moja. Siku ya kwanza tulihesabu punje 31. Darasa lilifurahi kuliko lilivyowahi kufurahia somo langu lolote. Wiki ya tatu zilikuwa tano, na sikuwahi kufika sifuri.

Badala ya neno nusu, uliza swali lisilojibika kwa neno moja. "Hiki ni nini?" linakupa "kata", ile ya kuchotea maji, basi. Lakini "kata hii ingekuwa na tundu, mama angefanya nini?" inambidi mtoto atunge kitu. Nyingine ninazozitumia sana ni "umejuaje?" na "bibi yako hajawahi kukiona, mweleze." Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo. Utaona macho yanahangaika, mtu anatazama paa, mwingine anakwaruza dawati. Usiwaokoe. Mimi kwa miaka nilikuwa nawaokoa sekunde ya pili, na wao walishajua kwamba wakikaa kimya mwalimu atajibu mwenyewe.

Dawati la watatu

Piga hesabu. Ukimpa kila mtoto sekunde 20 za kusema mbele ya darasa, watoto 84 wanakula dakika 28, na 83 wakati wote huo wamekaa wakisubiri kumcheka mmoja. Ndiyo maana nikaligeuza dawati lenyewe kuwa darasa. Kila dawati lina msemaji, msikilizaji na shahidi. Msemaji anasema dakika mbili. Msikilizaji anaruhusiwa kuuliza tu: wapi, lini, kwa nini, ikawaje. Shahidi yeye hasemi kitu, anatunza. Nikipiga kofi wanabadilishana, na baada ya dakika sita kila mmoja amepitia nafasi zote tatu.

Halafu nawasimamisha mashahidi wachache, si wasemaji. Shahidi analazimika kusema: "Mwenzangu amesema kwamba mbwa wao aliiba soli ya kiatu." Hiyo "amesema kwamba" niliifundisha ubaoni miaka mingi kwa jina la usemi wa taarifa, wakaiimba na kuisahau. Dawatini wameipata bila kujua kwamba wamefundishwa. Na mtoto mwoga, yule ambaye kusema habari zake mwenyewe kunamfunga koo, habari za mwenzake anazisema bila shida.

Kelele zitakuwepo. Mwalimu wa zamu alishawahi kuchungulia dirishani kuona kama darasa lina mtu. Nilimwonyesha kwa mkono aingie, akakaa dawati la nyuma, akafanywa shahidi.

Wape kitu cha kusemea

"Simulia ulivyotumia likizo yako." Nani amewahi kujibu hilo vizuri? Hata mimi ukiniuliza nitasema nilipumzika. Swali ni pana mno, mtoto haoni pa kushika. Leta kitu kinachoshikika: mpini wa jembe uliovunjika, ndala ya mguu mmoja, kibatari, manyoya ya kanga. Kisha uliza kisa chake. Mpini ule ulitupa vipindi viwili, kwa sababu kila nyumba ina mpini uliovunjika na mtu aliyelaumiwa.

Kulikuwa na mtoto mmoja, nitamwita Kulwa na si jina lake, ambaye toka Januari hadi Mei sikuisikia sauti yake ila kwenye "shikamoo mwalimu" ya wote. Msimu wa kulima alikuwa akikosa shule, akirudi viganja vimechubuka. Nikajua ni mshika kamba, yule mtoto anayetangulia mbele ya maksai wakati baba ameshika plau. Siku moja nikachora ubaoni ng'ombe wawili na mti juu ya migongo yao, nikamwambia darasa hii ndiyo nira. Kulwa akacheka. Sijui kama alikusudia.

"Kwani nimekosea?"

Kimya. Nikahesabu. Nilifika nane.

"Nira haikai mgongoni, Madamu. Inakaa shingoni."

"Sasa isianguke inashikwa na nini?"

"Kuna vijiti. Vinashuka huku na huku kwa shingo, halafu chini unafunga kamba."

"Ng'ombe yupi anakaa upande gani?"

Akasimama bila kuambiwa. Akaja ubaoni, akanieleza kwamba yule mzoefu ndiye anayepita kwenye mtaro uliolimwa tayari, kwa sababu anaufuata, na yule mgeni ukimweka hapo atapinda na shamba lote litapinda. Sentensi saba au nane mfululizo, zenye "kwa sababu" na "ukimweka". Mimi niliyesoma ualimu sikuzijua hizo habari, na yeye aliona kweli sizijui. Hilo halighushiki. Mtoto ananusa swali ambalo mwalimu tayari ana jibu lake, na kwa swali la namna hiyo anatoa silabi ya mwisho tu. Tafuta wanachokijua kuliko wewe, uwe mwanafunzi kikweli.

Kutoka kusimulia hadi kupanga

Kazi yangu ya kudumu muhula wa pili ni michembe. Kila nyumba ya huku inazijua: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba vibichi, vinaanikwa hadi vikauke, vinawekwa akiba. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, hayo ni matobolwa. Namwambia msemaji: mwenzako anatoka Tanga kama mimi, hajui lolote, mweleze atengeneze. Msikilizaji anatenda kwa mikono yale anayoambiwa tu, yaani ukisahau kusema "menya", yeye anakata na maganda. Ukisahau kuanika, anaweka kwenye gunia vikiwa vibichi na dawati zima linapiga kelele kwamba vimeoza. Hakuna kalamu nyekundu iliyowahi kuwaonyesha watoto wangu pengo katika maelezo yao kama yale maganda ya kuigiza.

Hapo ndipo "halafu" zinapojitokeza. Halafu unakata, halafu unaanika, halafu, halafu. Usizikataze, zihesabuni. Shahidi anakunja kidole kwa kila "halafu", na msemaji akifika ya tatu lazima atafute njia nyingine. Njia zenyewe Kiswahili kimetupa ndani ya kitenzi, wala hatuhitaji kwenda kuzitafuta mbali: vikikauka, ukishamenya, tulipofika. Na kwa visa kuna "-ka-". Tunacheza mnyororo: wa kwanza anaanza na "-li-", wengine wote wanaunganisha. Niliamka. Nikanawa. Nikafagia uwanja. Nikamwona kuku amelalia kiatu cha babu. Anayerudi kwenye "nili-" katikati ya safari ametoka. Wengi wana "-ka-" masikioni tayari kutokana na hadithi za nyumbani, ila mtu hajawahi kuwaambia kwamba inaruhusiwa daftarini. Wanadhani daftari lina lugha yake, ya "Mimi napenda mpira".

Kokoto

Hili ndilo daraja la kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, na kama una nafasi ya kujaribu jambo moja tu katika haya yote, jaribu hili. Kila mtoto ana kokoto kumi au punje kumi. Anamwambia jirani sentensi yake. Anairudia polepole, akiweka kokoto moja kwa kila neno. "Mama | alinituma | dukani | jioni." Kokoto nne. Kisha anaandika, na akimaliza anahesabu: maneno manne? Kama ni sita au matatu, kuna kitu.

Kwa Kiswahili zoezi hili lina thamani ya pekee kwa sababu kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima tumboni. Watoto wanaandika "ali ni tuma", "tuli po fika", au kinyume chake, "kwasababu", "namama". Ubaoni nilieleza mpaka nikakauka. Sasa nauliza tu: ukinijia asubuhi ukaniambia "ali", ukanyamaza, nitaelewa? "Hapana." "Alini"? "Hapana." "Alinituma"? "Eee!" Basi hiyo ni kokoto moja. Ila "na mama" zinakuwa mbili, kwani "mama" unaweza kumwita peke yake naye akageuka. Si kanuni ya wanaisimu, najua, na ina matundu yake. Kwa Darasa la Tatu inavusha.

Nukta nayo nilihamishia mdomoni. Mwandishi anamsomea jirani bila kuonyesha daftari. Jirani anapoinua mkono kuomba pumzi, hapo pana nukta iliyosahauliwa.

Baba akuja

Mtoto mmoja aliandika: "Baba akuja nyumbani jana." Nikakata "akuja" kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "alikuja". Aliporudishiwa daftari akabaki ameliangalia. Nikamwita mezani, nikamwambia aisome. Akasoma kama alivyoandika. "Alikuja, au hakuja?" "Akuja," akasema, akatikisa kichwa. Baba hakuja. Mimi na wino wangu nilikuwa nimemrudisha nyumbani mtu ambaye hakurudi.

Toka hapo sisahihishi neno kabla ya kumsikia mwenyewe akilisema. Makosa mengi ya tahajia ni masikio. Mtoto anaandika sawasawa na anavyotamka: "akuja", "balabala", "kalatasi". Kwa "h" tunaweka kiganja mbele ya mdomo: "hakuja" inapuliza kiganja, "akuja" haipulizi. Kwa "r" tunaiga pikipiki inayopanda kilima, rrrr, kisha tunaingia kwenye maneno: "Lori refu limelala barabarani, dereva analia." Dakika tatu mwanzo wa kipindi zinatosha. "Dh" na "th" naziacha hadi Darasa la Nne.

Mtoto akikosea anaposema, usimkatize. Mrudishie maneno yake yakiwa yamenyooka, ndani ya mazungumzo. Yeye: "Mbuzi imekula muhogo." Wewe: "Ala! Mbuzi amekula muhogo? Wa nani?" Naye atakujibu, "Amekula wa jirani." Ameshajirekebisha na kisa kinaendelea. Ukimwambia "sema amekula, rudia, tena", utaipata "amekula" na kisa utakikosa.

Na kilugha? Shule niliyosoma mimi tulivishwa kibao shingoni ukikutwa unasema lugha ya nyumbani, ukakibeba mpaka umkamate mwingine. Kilichonifundisha kibao kile ni kunyamaza. Darasani kwangu wanaruhusiwa kukijadili kisa kwa Kisukuma dawatini kabla ya kukisema kwa Kiswahili, kwani kufikiri nako kunataka lugha. Asubuhi mimi ndiye ninayewaamkia "mwangaluka", kwa lafudhi ya Korogwe. Wanavunjika mbavu. Wakishamwona mwalimu anakosea na hajafa, nao wanajaribu.

Kutumwa, na vitendawili

Mtume mtoto na ujumbe wa mdomo wenye vipande vitatu. "Nenda kwa mwalimu wa Darasa la Nne, umwambie naomba rula ya ubaoni, kama hana, anipe kamba, na kesho nitamrudishia kitabu chake." Mara ya kwanza aliyetumwa alirudi na kamba, rula na kitabu kingine juu yake. Sasa kabla ya kuondoka anaurudia ujumbe mbele yangu, na akirudi anasema jibu kwa maneno ya aliyemjibu. Hili wazazi wanaliweza bila kununua chochote. Wala usimuulize mtoto jioni "umejifunza nini leo?", atakwambia "hakuna". Muulize nani kachekesha darasani na alisema nini.

Vitendawili kila mtu anavitega, lakini wengi tunatega vilevile vya vitabuni, nyumba isiyo na mlango, yai. Watoto wameshavikariri. Waambie watunge. Kutunga kitendawili kunamlazimu mtoto akitazame kitu mpaka akione, kisha aseme kwa maneno machache bila kukitaja. Mmoja alinipa hiki: "Mchana anakula juani, usiku anatapika." Nilishindwa, nikampa mji wa Mwanza mzima. Taa ya sola. Nilimpa ubao akakiandika mwenyewe, bila kosa hata moja, kwa sababu alikuwa amekisema mara ishirini kabla ya kuniletea.

Ratiba na wino

Kwa wiki ninafanya hivi: Jumatatu kitu na dawati la watatu, Jumatano mnyororo au michembe, Alhamisi kokoto na kuandika. Insha si ndefu. Sentensi tano ambazo kila moja imeshasemwa kwa mtu zinashinda ukurasa wa "Mimi napenda". Nilikuwa na hofu kwamba nitachelewa silabasi na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unakuja. Nilichelewa kidogo muhula wa kwanza. Muhula wa pili sikuhitaji kurudia mada za sarufi ambazo tayari walikuwa wakizitumia.

Kuhusu kusahihisha, nachagua kosa la aina moja kwa kila insha, mengine nayafumbia macho. Badala ya alama ya kosa pembeni, naandika swali. Mwezi Septemba Kulwa aliandika hivi, nami nainakili ilivyo:

"Baba aliniita alfajili. Nikashika kamba ya mbele. Ng'ombe wetu mmoja anaitwa Simba ni mvivu. Akifika mwisho wa shamba anajifanya amechoka. Baba akisema geuza anageuka haraka sana kwa sababu huko ndio nyumbani."

Chini yake niliandika: "Na mwenzake je?"

Asubuhi yake, kabla ya kengele, alikuja mezani kwangu. Daftari hakuja nalo. "Madamu," akaanza, "yule mwingine yeye ana tabia ya kulala kwenye mtaro." Nikamwambia subiri, usiimalize, kalete kalamu.